Kamera Iliyobaki Mwezini

Aprili 2013 nilipanda treni ya chini ya ardhi pale Greenbelt, Maryland, nikiwa na jambo moja tu kichwani: kuiona kamera ya George Carruthers. Tarehe 1 Februari Rais Obama alikuwa amemvika nishani ya taifa ya teknolojia na uvumbuzi pale Ikulu. Mzee mweusi wa miaka 73, mwanasayansi wa maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Nilipoiona picha ya siku ile nilijua lazima niende.

Nilishuka kituo cha L'Enfant Plaza, Washington, nikatembea hadi kwenye makumbusho ya anga. Kamera ilikuwa karibu na chombo cha kutua mwezini, nami kwanza niliipita bila kuitambua. Nilitarajia dude kubwa. Nikakuta kitu kidogo chenye rangi ya dhahabu, kimesimama juu ya miguu mitatu.

Ile ni pacha yake tu. Yenyewe haikurudi. Aprili 1972 mwanaanga John Young wa safari ya Apollo 16 aliisimamisha mwezini, kwenye nyanda za juu za Descartes, akaielekeza kwa mkono, na mwisho akarudi na filamu tu. Kamera iko huko hadi leo, kilo 22 za kazi ya Carruthers. Kabla yake hapakuwahi kuwa na darubini ya kutazama nyota kutoka mahali pengine popote nje ya Dunia hii yetu palipokanyagwa na binadamu.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Kamera ile ilinasa mionzi ya urujuanimno ya mbali, mwanga usioonekana kwa macho. Mionzi hiyo haifiki ardhini, hewa huimeza. Carruthers aliifanya igonge bamba linalotoa elektroni, sumaku ikazielekeza elektroni hizo, zikachora picha kwenye filamu. Alipata hataza mwaka 1969. Mwaka uliofuata roketi ilipandisha chombo chake juu, kikaona molekuli za haidrojeni katikati ya nyota, kitu ambacho wanaastronomia walikuwa wakikikisia tu. Na kule mwezini kamera ikaigeukia Dunia, ikanasa wingu la haidrojeni lililoizunguka. Haya yote ni ya mtu aliyeunda darubini yake ya kwanza akiwa na miaka 10, mtoto aliyefiwa na baba mapema na kukulia Chicago.

Alasiri nilichukua teksi kuelekea kusini, kwenye maabara ile ya Carruthers. Dereva, kijana wa Kihabeshi, aliniuliza: "Kaka, jeshi la majini linatafuta nini kwenye nyota?"

Nilimweleza kwamba mawimbi ya redio ya meli hutegemea tabaka za juu za hewa, na tabaka hizo huchafuliwa na mionzi ya jua. Kwa hiyo anayetaka kuzungumza na meli zake hana budi kuielewa mionzi hiyo. Manahodha wa majahazi yetu nao walisoma nyota kabla ya kutweka tanga.

Tulisimama karibu na lango. Bila kibali huingii, nami sikuwa nacho. Niliutazama uzio na majengo yale alimofanya kazi Carruthers tangu 1964, kisha tukageuza.

Carruthers alifariki Desemba 2020. Tarehe 24 Septemba 2025 kilirushwa chombo chenye jina lake, kikaanza safari ya kilomita milioni 1.5 ili kuitazama tena haidrojeni ileile inayoizunguka Dunia. Nilifuatilia urushaji huo nyumbani, nikaikumbuka ile miguu mitatu niliyoipita bila kuijua.