Moyo wa Mama wa Musa

Assalamu alaykum, ndugu zangu na dada zangu katika imani.

Tafakari ya wiki hii naileta kwa ajili ya wazazi ambao mtoto wao mchanga amelazwa kwa maradhi ya moyo, na kwa ajili yetu sisi tunaobaki mtaani tusijue la kuwaambia. Hapa Lamu nyumba za namna hiyo tunazijua. Mtoto amezaliwa salama, ameadhiniwa sikioni, habari njema imefika mpaka Shela na Matondoni. Siku ya pili au ya tatu anaanza kukataa ziwa, pumzi zinakwenda mbio, midomo inabadilika rangi. Kabla jamaa hawajamaliza kuja kupongeza, mama na mwana wameshavushwa Mokowe na wako njiani kwenda Mombasa, na mazungumzo ya kupelekwa Nairobi yameshaanza.

Fungueni Sura Al-Qasas, someni aya ya 7 mpaka ya 13. Ni kisa tunachokijua tangu chuoni, lakini nakuombeni mkisome safari hii mkimtazama mama peke yake. Mwenyezi Mungu anamwambia amnyonyeshe mwanawe, na akimhofia amtie mtoni, asiogope wala asihuzunike, kwani atarudishiwa. Hiyo ni ahadi kutoka kwa Asiyevunja ahadi. Tukifika aya ya 10 tunaambiwa moyo wa mama wa Musa ukawa mtupu, akakaribia kuitoa siri yake hadharani, lau Mwenyezi Mungu asingeufunga moyo ule ili awe miongoni mwa waumini.

Mimi kila nikiifikia aya hiyo husimama. Mama huyu alikuwa na ahadi mkononi, na bado moyo ulimtoka. Wala Qur'ani haimlaumu. Hatuambiwi kuwa imani yake ilikuwa ndogo, wala hatuambiwi kuwa alikemewa kwa kutetemeka. Tunaambiwa tu kuwa Mola wake aliushika moyo wake pale ulipokuwa ukimponyoka. Sasa mfikirieni mama aliyekaa kwenye benchi nje ya nasari ya watoto wachanga, ambaye hakuteremshiwa ahadi yoyote juu ya mtoto huyu, anayengoja daktari apite asubuhi aseme neno. Huyu akilia, akishindwa kula, akishikwa na bumbuwazi asijue hata siku ya leo ni ipi, nani kati yetu ana haki ya kumpigia simu amwambie kuwa muumini hafanyi hivyo?

Na hapa niseme jambo ambalo linanikaa moyoni. Tuna mazoea ya kuwaambia wazazi kama hawa, "Atapona tu, usijali." Tunasema kwa mapenzi, najua. Lakini ile ahadi ya kurudishiwa mtoto alipewa mama wa Musa, na aliyempa ni Mwenye uwezo wa kuitimiza. Sisi hatuna ruhusa ya kuitoa kwa niaba Yake. Tuseme, "Allah amponye, Allah awape nguvu." Hiyo ni dua, nayo ni haki yetu kuiomba usiku na mchana. Kumtabiria mzazi mwisho wa jambo ni kitu kingine, na ukija tofauti na tulivyosema, tutakuwa tumemuongezea jeraha juu ya jeraha.

Maana wapo ambao hawakurudishiwa, na mmoja wao ni mbora wa viumbe. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mtoto wa kiume, Ibrahim, aliyezaliwa na Bi Maria. Alilelewa kwa mama wa kumnyonyesha pembeni ya mji wa Madina, na mume wa mama yule alikuwa mhunzi. Anas bin Malik anasimulia kuwa Mtume alikuwa akienda huko, akiingia kwenye nyumba iliyojaa moshi, akimchukua mwanawe na kumbusu, kisha akirudi. Akina baba mnaoruhusiwa kuingia nasari kwa dakika chache tu, mkanawa mikono, mkavaa joho la hospitali, mkamgusa mtoto kwa kidole kati ya mipira na waya, kisha mkaambiwa muda umekwisha, jueni kuwa Mtume wenu naye alikwenda kumtembelea mwanawe katika nyumba ya watu wengine, akarudi bila yeye. Ibrahim alifariki hajatimiza miaka miwili. Mtume alimkumbatia akiwa anakata roho, machozi yakamtoka. Abdurrahman bin Auf akastaajabu: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akajibu kuwa hiyo ni rehema. Kisha akasema kuwa jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.

Siku ile jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kufa Ibrahim. Mtume akawakataza pale pale: jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Zingatieni. Ilikuwa ni maana ya heshima waliyotaka kuitundika juu ya msiba wake, kwamba hata mbingu zimeomboleza pamoja naye, na bado aliikataa, kwa kuwa haikuwa kweli. Basi sisi tunapata wapi ujasiri wa kutundika maana za aibu juu ya mtoto wa mwenzetu? Utasikia ukumbini: ni jicho, watu walimsifu sana. Ni dege. Mama yake alitoka usiku akiwa na mimba. Kuna dhambi katika nyumba ile. Maneno hayo hufika. Humfikia mama akiwa katika arobaini yake, mwili haujapoa, naye tayari anajiuliza peke yake ni kitu gani alikula, ni mzigo gani aliinua.

Dada yangu unayejiuliza hivyo, nisikilize. Moyo wa mtoto huumbika katika wiki 8 za mwanzo za mimba, wakati ambao wanawake wengi ndiyo kwanza wanatambua kuwa wamebeba. Karibu mtoto 1 katika kila 100 duniani huzaliwa na kasoro ya moyo, katika nyumba za matajiri na za maskini, za wacha Mungu na za wasiomjua. Zipo sababu zinazojulikana, kama sukari isiyodhibitiwa, baadhi ya dawa, ugonjwa wa rubela katika miezi ya mwanzo, au hali za kuzaliwa nazo kama ile iitwayo Down syndrome. Mara nyingi sana sababu haipatikani. Mzigo ulioinua haukutoboa moyo wa mwanao.

Na kwa nini alizaliwa anaonekana mzima kisha akageuka? Hili pia lifahamike, kwa kuwa ndipo lawama zinapoanza, kwamba fulani alikuja kumwona na mara mtoto akabadilika. Tumboni mtoto hatumii mapafu yake; hewa safi humfikia kwa damu ya mama kupitia kondo. Muumba amemwekea njia za mkato: uwazi kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaoipitisha damu kando ya mapafu. Akivuta pumzi yake ya kwanza mapafu hufunguka, na njia hizo huanza kujifunga. Ule mshipa mfupi kwa kawaida hujifunga katika siku 2 au 3 za mwanzo. Sasa mtoto ambaye moyo wake una kasoro kubwa huenda alikuwa akiishi kwa njia ile ile ya mkato. Ikifunga, ndipo anapogeuka rangi. Hakuna macho ya mtu hapo. Iko dawa, prostaglandini, inayotiwa kwa dripu kuizuia njia isifunge mpaka madaktari wapate la kufanya, na ndiyo maana kuwahi kufika kuna thamani kubwa. Matundu madogo kati ya vyumba vya moyo mengi hujiziba yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Mengine yanahitaji dawa, mengine upasuaji. Hayo yataonekana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Kwa hiyo mabibi zetu mnaokaa na wazazi majumbani, mkimwona mtoto anaanza kunyonya kisha anaacha kwa kuchoka, anatoka jasho kichwani akinyonya, anapumua haraka hata akilala, haongezeki uzito, au ulimi na fizi zina rangi ya samawati, msingoje arobaini iishe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kumsomea Al-Fatiha, Al-Falaq na An-Nas ni kheri tupu, msomeeni njiani mpaka mfike. Ila maji ya kombe, yale yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani, yasitiwe kinywani mwake, wala asali, ambayo mtoto wa chini ya mwaka 1 hafai kupewa kabisa. Mtoto mwenye moyo mgonjwa kila anachokunywa hupimwa kwa mililita, na mwenye kumpa kitu kwa siri akidhani anamsaidia anaweza kumdhuru. Tahniki, kule kumpaka mtoto tende iliyolainishwa kinywani, nayo ingoje kauli ya daktari. Akika pia haina ugomvi: siku ya 7 ikipita mtoto yuko kwenye oksijeni, itachinjwa baadaye, dini yetu ina nafasi.

Nirudi kwa mama. Kuna uzito mmoja ambao wanaume hatuuzungumzi. Mama huyu yuko katika nifasi, damu ya uzazi. Siku ambazo angependa kuweka paji la uso chini kuliko siku zote za maisha yake, hana swala. Wapo wanaohisi kama mlango umefungwa mbele yao. Mlango haukufungwa, dada yangu. Mama wa Musa naye alikuwa mzazi mbichi, na amri ya kwanza aliyopewa katika aya ile ilikuwa kumnyonyesha mwanawe. Dua unayo, istighfari unayo, kumsalia Mtume unako, ulimi wako haukuzuiwa kumtaja Mola wako. Na lile dang'a unalolikamua tone kwa tone kwenye kikombe, kila baada ya saa 3, usiku na mchana, ili nesi alipitishe kwenye mpira wa puani kwa kuwa mtoto hana nguvu ya kuvuta, hiyo ni ibada. Sisemi kwa kukuliwaza tu. Ndiyo kazi uliyopewa saa hii, na hakuna mwingine awezaye kuifanya.

Kisha tazameni alichofanya mama yule baada ya moyo wake kufungwa. Alimwambia dada yake Musa: mfuatie. Binti akamtazama ndugu yake kwa mbali, nao watu wa Firauni hawatambui. Hakupiga makelele wala hakusimama njiani kuwahadithia watu. Alingoja, na wakati ulipofika, mtoto amekataa wanyonyeshaji wote, alisema neno moja la faida: niwaonyesheni watu wa nyumba watakaomlea? Kwa neno lile mama na mwana wakakutana.

Waumini, nafasi yetu ni ya binti yule. Mama wa Lamu aliyelazwa na mtoto Mombasa yuko mbali na mama yake, hana wa kumkanda maji ya moto, hana uji wa pilipili manga, analala amekaa. Na sisi watu wa hapa tuna jamaa Mombasa, wengine Kibokoni na Mji wa Kale. Ukimjua mmoja, mpigie, mwambie kuna mzazi wetu hospitali anahitaji mahali pa kuoga na chakula cha moto. Nyumbani kwake kuna watoto wengine wanaohitaji kupelekwa chuoni na shule. Kuna fomu na bima ya afya ya serikali, SHA, na baba mwenyewe hajui aanzie wapi, kwani akiacha kwenda baharini nauli ya kwenda kumwona mwanawe haitapatikana. Mwenye kujua mambo ya ofisi amshike mkono amalize naye.

Na simu zetu tuzipunguze. Ateuliwe mtu mmoja wa familia apokee habari, na sisi wengine tumuulize yeye. Picha ya mtoto akiwa na mipira puani isizungushwe kwenye simu za watu hata kama nia ni kuombewa dua. Mwenyezi Mungu anamjua bila picha.

Ikiwa amri ya Mola itakuja na mtoto atachukuliwa, jamaa wa karibu wajue mapema kuwa mtoto aliyezaliwa hai ana haki zake zote: anapewa jina, anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa. Wazazi wasije wakaambiwa "alikuwa mdogo tu." Ibrahim naye alikuwa mdogo.

Ijumaa hii tukiinua mikono, tuwataje wazazi hawa. Ewe Mola uliyeushika moyo wa mama wa Musa, shika mioyo ya mama zetu walioko kwenye mabenchi ya hospitali usiku huu. Wape madaktari na manesi macho ya kuona na mikono isiyotetemeka. Waponye watoto hawa, uwarudishe kwa mama zao, macho yao yatulie. Na utakaowachukua, wakutanishe na wazazi wao Peponi. Amin.