Kuchana Mistari Bila Kulima Shamba Zima

Hapa Dodoma mkulima akisema ameacha kulima, jirani zake hudhani anaberega tu, yaani anafyeka majani, anayachoma moto, kisha anapanda mtama juu ya ardhi ngumu. Siwalaumu, kwa sababu sisi tunaokisifu kilimo hifadhi, yaani kilimo cha kutogeuza udongo na kuuacha umefunikwa na mabaki ya mazao, mara nyingi hatuielezi kazi ya kuandaa shamba.

Udongo wetu mwekundu ukishakauka hushikana hadi jembe linadunda. Waingereza walioanzisha mashamba ya karanga Kongwa mwaka 1947 walilijua hilo kwa gharama kubwa, matrekta yao yakiharibika, na mpango wenyewe ukafutwa mwaka 1951. Zaidi ya hapo, pale ambapo plau imepita kwa kina kilekile kila msimu, hujengeka tabaka gumu. Kulitambua hakuhitaji maabara: ng'oa shina la alizeti baada ya mavuno, na utaona mzizi mkuu umeshuka wima karibu shubiri moja, kisha umekata kona na kutambaa kando. Shamba la namna hiyo likiachwa kulimwa kabla tabaka halijavunjwa, maji ya mvua hupita juu yake na kuishia korongoni.

Mimi hutumia ripa inayokokotwa na maksai, ambayo ni chuma chembamba kisichogeuza udongo. Inachana mistari ya kupandia peke yake, sentimita 75 hadi 90 kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na katikati mabua hubaki yalivyolala. Udongo uwe mkavu, kwani mkavu hupasuka na kuacha nyufa pembeni, ilhali wenye unyevu hukatika kama sabuni na kuta za mfereji hubaki zimezibwa. Tatizo ni maksai wenyewe: mwezi Juni na Julai wameshiba mabaki ya mavuno, lakini kufikia Novemba mbavu zinahesabika. Kwa hiyo nachana mapema, ingawa mvua ni ya Desemba. Asiye na maksai anaweza kuchimba vishimo kwa jembe la mkono, kama walivyofanya wakulima wa Chololo, kijiji cha hapa Dodoma.

Kuyabakiza mabua yafunike udongo ndiyo vita, maana baada ya mavuno mifugo ya kijiji huingia popote. Nimekubaliana na wafugaji walio jirani wachukue ya upande mmoja na kuniachia mengine, mpango ambao kusema kweli haufuatwi kila mwaka.

Msimu unaofuata ripa hupitishwa kwenye mistari ileile, na pale chuma kinapozama bila maksai kusimama, siurudii tena mstari huo.