Tunakubeba Katika Maombi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu haujatulia. Dada yetu mmoja wa ushirika amejifungua kwa upasuaji, na kwenye kundi letu la WhatsApp meseji zikamiminika: "Tunakubeba katika maombi, dada." Amina zikafuatana mpaka usiku. Jumatano nilipoingia wodini nilimkuta amelalia godoro lisilo na shuka, jerikani chini ya kitanda haina hata tone, mtoto amefungwa kanga moja iliyoloa. Mnazijua hospitali zetu: beseni, shuka, chakula, vyote mgonjwa hujiletea. Uji wa asubuhi ile alipewa na mama wa Kiislamu aliyekuwa akimuuguza binti yake kitanda cha pili.

"Mchukuliane mizigo na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo" (Wagalatia 6:2). Najua wengine watakimbilia aya ya 5, kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Hapo Paulo anasema habari ya kila mtu kuipima kazi yake. Hakusema mwenye mshono tumboni ajichotee maji.

Watazameni wale wanne wa Kapernaumu, Marko 2. Mtu mzima aliyepooza ni mzito, hajishikilii popote. Walimfikisha kwenye nyumba aliyokuwamo Yesu, wakakuta mlango umeziba kwa watu, wakampandisha juu, wakaitoboa dari, wakamteremsha na godoro lake. Hatusikii hata neno lao moja. Lakini imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Aliiona, wapendwa! Iliingia kwa tundu la dari, mikono ikiwa bado imeshika godoro.

Maombi siyadharau. Nilipofiwa na mume wangu, mama mmoja wa kanisa alikuja asubuhi, akawasha sigiri, akasonga posho, akafua nguo za watoto. Hakunihubiria. Alipokuwa akisugua zile sare za shule nilimsikia akimtajia Mungu majina ya wanangu, mmoja mmoja. Sijawahi kuombewa vile tena.

Basi sisi watu wa Busia tutajitetea kwa lipi? Boda boda zilianzia mpakani hapa, miaka ya 1960, vijana wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo chetu cha Uganda na cha Kenya. Gunia la mgeni tunalibeba hadi ng'ambo kwa sababu analipa. Dada tunayeshiriki naye meza ya Bwana tunamwandikia meseji. Hili linamhuzunisha Roho Mtakatifu, nami siwezi kulinyamazia.

Anaruhusiwa Jumamosi. Kwake maji ni ya kisima, na daktari amemkataza kuinua kitu chochote kizito. Jerikani ya lita 20 ina kilo 20. Kina baba wenye baiskeli, nawasubiri. Kina mama, tupange zamu za kupika na kufua. Na ukiandika Amina, andika pamoja nayo siku utakayokwenda.