Nilivyoitoa Ratiba ya Malindo Mikononi mwa Msimamizi

Watu wananiuliza: dada, mlifanyaje hapo kwenye kampuni yenu, mbona wasichana hawaachi kazi kama zamani? Naandika hapa mara moja, maana kila nikienda sokoni nasimulia upya.

Mimi ni afisa utumishi wa kampuni ya ulinzi hapa Mtwara mjini. Tuna walinzi kama sitini, wanawake kumi na nne. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, tunaongeza vibarua kwa sababu maghala yanajaa na kila mwenye ghala anataka mlinzi usiku na mchana. Sasa malindo hayalingani. Lango la benki mchana ni kiti, kivuli na watu wa kusalimiana nao. Ghala la pembezoni usiku ni mbu, giza na mwenzako mmoja usiyemjua vizuri. Aliyeamua nani aende wapi alikuwa msimamizi mmoja, kwa kalamu yake na daftari lake. Msichana akimkataa, ghala, usiku, wiki tatu mfululizo. Akimkubali, benki. Hakuna aliyesema kitu, lakini ratiba ikibandikwa kila mtu aliisoma akaelewa.

Nami nilielewa. Nilikaa kimya miezi mingi nikijiambia kwamba hakuna barua ya malalamiko iliyoletwa mezani kwangu. Nalisema hili kwa sababu najua maafisa utumishi wenzangu wengi bado wanaisubiri barua hiyo. Kilichoniamsha ni binti mmoja wa Naliendele aliyekuja kurudisha sare, zimefuliwa na kupigwa pasi, akaniambia, "Shikamoo dada. Mimi bora nikauze ming'oko stendi." Mshahara ule ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zake wawili. Sikulala usiku ule.

Mkurugenzi nilipomweleza alileta mshauri kutoka Dar es Salaam. Tukakaa siku nzima hotelini Shangani, soda na sambusa, ikatoka milioni na ushee. Ushauri ukawa: bandikeni bango, wekeni sanduku la maoni. Mzee mmoja wa kampuni yeye aliniita pembeni akanishauri niyamalize kimya kimya, haya ni mambo ya watu wazima. Ushauri wa wote wawili nauchukia mpaka leo.

Sanduku lilitengenezwa na fundi wa Chikongola, mbao za mninga, kufuli ya shaba, elfu arobaini hivi. Likatundikwa kwenye korido, na ukuta wenye nafasi ulikuwa ule unaotazamana na mlango wa msimamizi. Ufunguo, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa baada ya mkurugenzi, alikabidhiwa yeye. Mwezi ulipoisha tukafungua mbele ya watu. Karatasi tatu. Mbili ziliomba buti za mvua. Ya tatu ilimwombea msimamizi wetu baraka za Mungu kwa upendo wake kwa walinzi, na mwandiko niliufahamu mara moja, kwani ndio uleule wa kwenye ratiba. Nikalihamishia sanduku karibu na choo cha wanawake na ufunguo nikauchukua mimi. Wiki ya pili binti mmoja alionekana akielekea kule na kalamu mkononi. Ratiba ya Jumatatu ikampeleka ghalani, usiku. Hakuwa ameandika chochote, kalamu ilikuwa ya kujazia kitabu cha matukio. Baada ya hapo hakuna aliyelisogelea.

Wakati huo mtoto wa kaka yangu alikuwa anasoma sheria chuoni. Alinipigia akasema, "Shangazi, hayo yenu yamewapata polisi wa taifa wa Kanada, wale RCMP. Soma ripoti yao." Akaituma kwenye simu, tukaisoma usiku baada ya usiku, yeye akinifafanulia. Wanawake wa kwanza kuapishwa kuwa askari kamili wa jeshi lile walikuwa 32, mwaka 1974. Mwaka 2016 mkuu wao, Bob Paulson, aliomba radhi hadharani baada ya wanawake kwenda mahakamani wakiongozwa na Janet Merlo na Linda Davidson. Michel Bastarache, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya huko, akapewa kazi ya kupokea madai, na ripoti yake ikatoka Novemba 2020: wanawake 2,304 walilipwa fidia, jumla zaidi ya dola milioni 125 za Kanada.

Fedha hazikunishangaza. Kilichonishika ni kwamba jeshi lile halikukosa kanuni wala semina. Utaratibu wa kulalamika ulikuwepo, ila ulipita kwa wakubwa walewale, na mwanamke aliyelalamika aliandamwa. Jaji aliandika kwamba mabadiliko hayatarajiwi kutoka ndani peke yake, lazima pawepo na chombo cha nje. Mwaka 2021 wakafungua kituo kilicho nje ya mfumo wa amri za makamanda, cha kupokea malalamiko ya unyanyasaji. Nilipofika hapo nililiona sanduku langu la mninga na kufuli yake.

Na jambo lenyewe tunalo kwetu tangu enzi. Mwali hafundwi na mama yake. Ana somo, mtu wa pembeni, na ya moyoni humwambia huyo, kwa kuwa somo hagawi chakula cha nyumba wala hachapi mtu. Nikatafuta somo wa walinzi. Nilimpata muuguzi mstaafu anayekaa Magomeni, mwenye heshima zake, asiye na ndugu kwenye kampuni wala ng'ombe wa kuuza kwa mkurugenzi. Tunampa elfu hamsini kwa mwezi na vocha. Namba yake kila mlinzi anayo. Anaandika kila kitu, jina halitoki mpaka mwenyewe aridhie, na kama anayelalamikiwa ni mkurugenzi, yeye huenda moja kwa moja kwa wenye kampuni. Hata mimi naweza kushtakiwa kwake, na nilisisitiza hilo liandikwe.

Lakini simu tu isingetosha kama kalamu ingebaki palepale. Hapa ndipo ninapojivunia. Nilichukua karatasi ya manila, majina upande mmoja, malindo juu, kila Jumatatu kila jina linasogea lindo moja. Inakaa ukutani, wiki nane mbele, kila mtu anajiona atakuwa wapi. Anayetaka kubadilishana anasaini yeye na mwenzake, na karatasi inakwenda kwa mhasibu. Ghalani usiku mwanamke hapangwi peke yake na mwanamume mmoja. Mkurugenzi akasema benki hawataki sura mpya kila wiki, na alikuwa na haki. Basi benki ikapewa kundi lake la wanne wanaozunguka wenyewe kwa wenyewe, na kundi linabadilika kila robo mwaka. Ilinichukua Jumapili tatu na manila kama sita zilizoharibika.

Mkurugenzi aliposita kusaini utaratibu huu, nilimwekea sheria mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo. Nikamuuliza: lindo la benki si upendeleo? Akasaini.

Mwezi wa kwanza simu ya mama yetu, yule muuguzi, haikulia. Wa pili zilikuja tano, wa tatu saba. Mkurugenzi akashtuka, akasema nimeyachokoza. Nikamwonyesha tena wale 2,304. Yale yalitendeka miaka na miaka pasipo kuhesabiwa, yakahesabika mlango ulipofunguka. Ukiona malalamiko yameongezeka mwanzoni usilifunge dirisha, wameanza kukuamini. Msimamizi alifikishwa kwenye kikao cha nidhamu, maelezo ya watano yakasomwa, naye akajibu kwa maandishi. Hayupo tena kazini. Mabinti wawili waliamua kwenda TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, mmoja hakutaka, na hatukumlazimisha. Yanayoendelea huko siyaandiki.

Jambo ambalo sikulitarajia ni wanaume. Katika simu kumi na mbili zile, nne zilikuwa zao. Mmoja ni kijana wa Mikindani, mlinzi wa bandani, aliyekuwa akitukanwa mbele ya wenzake na kupigwa kirungu mgongoni kwa "mazoezi". Alimwambia mama yetu kwamba alipiga akidhani ataambiwa namba ile ni ya wanawake. Mama akamwambia, "Mwanangu, kaa, sema polepole, naandika." Alisema kwa dakika arobaini.