Mombasa kwa Waandishi Waliotutangulia

Nilikwenda Mombasa kumzuru marehemu. Profesa Ali Mazrui, msomi wa siasa za Afrika, alizaliwa katika mji huo mwaka 1933, akafariki Marekani Oktoba 2014, na mwili wake ukarudishwa ukazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu vipande vya mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1986, ule wa sehemu tisa kuhusu Waafrika, na kila mara nilijiona nina deni. Unamsomesha mtu kwa watu, na kwao hujawahi kukanyaga!

Mimi mzaliwa wa Kigoma. Nilianza kuandika habari Dar es Salaam, nikilipwa kwa kila stori inayotoka, kisha nikahamia Marekani, ambako hakuna mhariri aliyekuwa akizingoja habari zangu. Nikapata kazi kitengo cha mawasiliano cha hospitali, na sasa nafundisha uandishi wa habari na Kiswahili kwenye madarasa ya jioni. Safari hii nilikuwa likizo kwa ndugu zangu Dar, nikakata tiketi ya basi.

Njia yenyewe haina mengi: Segera, Tanga, mihuri ya Horohoro na Lunga Lunga, kisha minazi ya Kwale mpaka Likoni. Likoni ndipo utakapojua umefika. Abiria mnashushwa kwenye basi, mnajiunga na umati unaoteremka kwenda kwenye feri, na mtembea kwa miguu halipi kitu. Mbele yangu mama mmoja alikuwa na ndoo ya samaki kichwani, mkono mmoja ameshika simu, anamfokea mtu aliyechelewa kumfungulia duka, na maji ya samaki yanamdondokea begani wala habari hana. Feri ilipong'oa nanga watu wakanyamaza kidogo, kisha gumzo likarudi palepale lilipoachwa.

Asubuhi yake nilikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, nikaingia Mji wa Kale. Muuza kahawa alikuwa ameweka dele lake kwenye kona, makaa chini, vikombe vidogo ndani ya bakuli la maji, na wazee wamekaa barazani. Nikatoa salamu, mzee mmoja akaitikia.

"Waleikum salaam. Karibu, mwanangu, keti. Watoka wapi?"

"Kigoma, mzee wangu, lakini naishi Marekani."

"Wafanya kazi gani huko?"

Nikamweleza zote tatu: gazeti, hospitali, ualimu. Nilimwambia pia nimekuja kwa ajili ya Profesa. Akatikisa kichwa, akasema ukimtaka mwana anza na baba.

Baba ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Kabla ya cheo hicho alikuwa mtu wa magazeti. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Alikuwa akiwasemesha Waislamu wa pwani juu ya elimu, juu ya uvivu, juu ya kuiga kila la Mzungu bila kuchagua, na alikuwa mkali. Wino wake na darsa zake vilikwenda pamoja. Lakini lililonishika mimi ni hati: Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu. Serikali ya kikoloni na shule zake zilikuwa zikitumia herufi za Kilatini. Yeye alijua wasomaji wake walijifunzia kusoma wapi, yaani chuoni, mbele ya Kurani.

"Babangu hakujua herufi ya Kizungu hata moja," mzee akaniambia, "lakini gazeti la Sheikh alisoma. Asiyejua asomewa papa hapa, kahawa mkononi."

Maneno hayo yalinirudisha hospitalini. Kulikuwa na tangazo la chanjo lililopelekwa kwa kampuni ya tafsiri, likarudi kwa Kiswahili cha ofisini, safi, halina kosa. Wagonjwa wetu wengi wanaosema Kiswahili walikuwa wakimbizi kutoka Kivu na Katanga, na baadhi ya akina mama hawakupata kwenda shule. Karatasi zilikaa mezani pale mapokezi mpaka zikapauka. Niliomba ruhusa nirekodi ujumbe kwa sauti, kwa Kiswahili wanachosema wao nyumbani, tukautuma kwa WhatsApp. Wiki hiyohiyo simu za mapokezi zilianza kuita. Hapo barazani nilifurahi sana kugundua kwamba njia niliyodhani ni ya simu za kisasa ilikuwa na mwenyewe Mombasa tangu miaka ya 1930.

Mchana nilipita Moi Avenue, chini ya zile sanamu kubwa za pembe za ndovu, nikimfikiria mhamiaji mwingine. Alibhai Mulla Jeevanjee alitoka Karachi, akatajirika kwa kandarasi za reli, na mwaka 1902 akaanzisha hapa Mombasa gazeti la African Standard. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza, likabadilishwa jina, likahamia Nairobi 1910 na kuwa sauti ya walowezi. Jeevanjee mwenyewe aliendelea kupigania haki za Wahindi mbele ya walowezi haohao. Simlaumu kwa kuuza, biashara ni biashara. Ila kila nikiwafikiria wawili hawa, Jeevanjee mwenye mtambo na Sheikh Al-Amin mwenye karatasi, moyo wangu unakwenda kwa mwenye karatasi, kwa sababu aliowaandikia ndio waliokuwa wakimjibu msikitini.

Makaburini nilikaa kimya, nikasoma Fatiha, nikamsimulia Profesa kimoyomoyo kwamba darasa langu linamjua. Sikuandika kitu pale.

Kisha tuktuk ikanipeleka Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Zamani palikuwa taasisi ya elimu ya Waislamu, na kijana Ali Mazrui alifanya kazi hapo ya ukarani. Mtihani wake wa sekondari alikuwa amepata daraja la tatu, na kwa matokeo hayo mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa. Alihutubia katika sherehe ya Maulid, na gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwepo akamsikia. Kutokana na hotuba ile alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, akafika mpaka Oxford, akafundisha Makerere, na Uganda ya Idi Amin ilipomshinda akaenda Michigan, halafu Binghamton. Nilisimama getini nikiwatazama vijana wanaotoka na mabegi yao. Wanafunzi wangu wengi wana vyeti vya daraja hilohilo: madereva, wasaidizi wa wauguzi, wanakuja darasani saa moja jioni wakiwa wamechoka. Hadithi hii nitawapa nzima, pamoja na lile daraja la tatu, maana wasifu mwingi wa wakubwa huliruka.

Mzee wa barazani alikuwa ameniuliza swali moja nikashindwa kulijibu vizuri: "Na hao wanafunzi wako, wasoma kwa sauti?" Hawasomi kwa sauti. Wanaandika, wananitumia, naweka alama.

Kwa hiyo nikiwa kwenye foleni ya feri kurudi Likoni niliwaandikia kazi ya muhula ujao. Kila mmoja ataandika habari moja ya maneno 200, ya jambo lililotokea mtaani kwake, kwa ajili ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye hasomi magazeti. Atampigia simu amsomee. Maswali yote atakayoulizwa atayaandika chini ya habari, na alama nusu ziko kwenye maswali hayo.