Pauni iliposhuka nami nikiwa na deni la dola

Julai 2008 hesabu zangu nilizipiga kichwani tu. Pauni moja, dola mbili. Nilikuwa mtafsiri wa kujitegemea, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilitoka kwa mteja mmoja wa London aliyenilipa kama pauni 600 kwa mwezi, zikiongezeka au kupungua kufuatana na idadi ya kurasa. Upande wa pili nilikuwa na mkopo wa masomo uliohesabiwa kwa dola, rejesho lake dola 500 kila tarehe 5. Pauni 250 zinatoka, deni la mwezi limekwisha, naendelea na mambo yangu. Kwa nini mtu anayelipwa kwa sarafu moja akope kwa sarafu nyingine, hilo halikuwahi kunipitia akilini. Mkopo wa dola ulikuwa na riba nafuu, nikauchukua. Halafu pauni ilikuwa pauni bwana. Novemba 2007 ilipita hata dola 2.10. Nani angeiogopa?

Kufika mwisho wa Agosti ilikuwa imeteremka hadi dola 1.82 hivi. Nikajiambia ni upepo. Tarehe 15 Septemba benki ya Lehman Brothers ikaomba kinga ya kufilisika kule New York, na mimi, kwa akili zangu za siku hizo, nikafurahi kimoyomoyo: moto umewaka Marekani, kwa hiyo dola ndiyo itakayoanguka na pauni yangu itapanda. Ikawa kinyume kabisa. Watu wakipata hofu hukimbilia sarafu ile ambayo dunia nzima inaidai na kudaiwa. Mabenki na makampuni kila pembe yalikuwa na madeni ya dola yaliyohitaji kulipwa, kwa hiyo wote walikuwa wanazitafuta kwa wakati mmoja. Moto uliwaka Marekani, na bado kila mtu akataka dola. Uingereza nayo ilikuwa na maradhi yake: mabenki makubwa yaliyoegemea mikopo ya nyumba, serikali ikiyatia mtaji ili yasizame, na Benki Kuu ya Uingereza ikikata riba mfululizo, kutoka asilimia 5 mwanzoni mwa Oktoba hadi asilimia 0.5 Machi 2009. Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1694 na kabla ya hapo haikuwahi kushusha riba chini kiasi hicho. Mwenye fedha zake akiona pauni hailipi kitu, anahamisha.

Haya yote niliyaelewa baadaye. Wakati wenyewe nilikuwa na daftari.

Lilikuwa daftari la shule, la mistari, nililichora safu mbili: tarehe na bei ya pauni. Kila asubuhi kabla ya chai nafungua intaneti, naandika. Septemba nilikuwa na pauni 900 kwenye akaunti yangu ya fedha za kigeni, na benki ingenipa dola 1.75 kwa kila pauni. Nikasema sitabadilisha mpaka ifike 1.90, maana "bei yake halisi" ni 2. Rejesho la mwezi huo nikalitoa kwenye akiba, na la mwezi uliofuata vilevile. Oktoba ikafika 1.60 na kitu. Sasa nikasema nikiuza hapa ni hasara tupu, ngoja irudi japo 1.75. Unaona nilivyokuwa nashusha matumaini hatua kwa hatua, kila mara nikichelewa hatua moja nyuma ya soko. Akiba ikaisha Desemba. Januari 2009 nikaziuza zile pauni 900 kwa dola 1.38. Nilipopiga hesabu ya tofauti kati ya Septemba na siku ile, nilikuwa nimepoteza dola 333, zaidi ya nusu ya rejesho la mwezi mmoja, kwa kazi ya kukodolea macho daftari.

Siku ile ya kuuza nilihudumiwa kaunta ya benki alikokuwa akifanya kazi wifi yangu. Aliangalia karatasi yangu, akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, wewe siku hizi ni mtafsiri au muuza fedha?"

Nikamwambia nilikuwa nasubiri ipande.

"Ipande mpaka wapi?"

"Mpaka mbili."

Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alichukua kalamu akaandika tarakimu tatu pembeni ya fomu: bei ya soko, bei ya benki kununua, bei ya benki kuuza. "Hiyo unayoiandika kwenye daftari lako ni hii ya katikati, wanayouziana mabenki makubwa kwa mamilioni. Hutaipata hata siku moja. Wewe unapata hii ya chini. Kwa hiyo hata ikipanda kidogo, sisi tumeshakula hapo katikati." Kisha akaongeza kwamba yeye amekaa dirishani miaka saba na hajui kesho itakuwaje, sasa mimi najuaje nikiwa nyumbani na kamusi zangu?

Nilitoka pale nikiwa nimenuna, lakini utaratibu niliouanza mwezi uliofuata ulitokana na maneno yake. Pauni zikiingia, ndani ya siku mbili nauza zinazotosha rejesho la mwezi huu na la mwezi ujao, kwa bei yoyote itakayokuwepo. Zinazobaki zinabaki pauni. Sitazami chati. Kuna miezi niliuza leo na kesho yake bei ikapanda, nikaumia. Kuna mingine ilishuka kesho yake, na hiyo sikumbuki kama niliifurahia, maana nilikuwa nimeacha kuangalia.

Kilichonisumbua zaidi ya bei, na ambacho watu hawakizungumzii sana, ni ada za njiani. Fedha ikitoka London haiji moja kwa moja. Inapita benki nyingine katikati, na kila mmoja anakata chake. Pauni 600 zilizotumwa zilikuwa zinanifikia zikiwa 580 au chini ya hapo. Nikapata wazo la kumwomba mteja alipe kila baada ya miezi miwili ili ada ikatwe mara moja. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Tatizo ni kwamba katika mdororo, miezi miwili ya kusubiri malipo ni miezi miwili ya kubeba mzigo wa sarafu inayoteremka, tena mikononi mwa mteja ambaye huna hakika kama kesho atakuwa bado yupo. Nilijaribu mara moja. Kazi ya Novemba na Desemba ilikuja kulipwa mwishoni mwa Januari, na nilichookoa kwenye ada kilimezwa chote na kushuka kwa bei, na zaidi ya hapo. Nikarudi kwenye mwezi mmoja na kuivumilia ada. Baadaye nikagundua kwamba kwenye maelekezo ya malipo unaweza kukubaliana nani abebe gharama za kutuma. Mhasibu wa mteja alikubali wao wabebe za upande wao bila hata kubishana; miaka yote sikuwahi kuuliza tu.

Huyo mhasibu ndiye niliyekwenda kwake na ombi kubwa zaidi: nilipwe kwa dola. Kabla sijatuma barua pepe hiyo, nilikaa nikajiweka upande wao. Wao wanauza kwa pauni na kulipa mishahara kwa pauni. Mimi kwao ni bidhaa ya kutoka nje. Kama mkataba ungekuwa wa dola tangu mwanzo, pauni ikishuka kutoka 2 hadi 1.40 ningekuwa nimewapandia bei kwa zaidi ya asilimia 40 bila kuongeza hata ukurasa mmoja, tena mwaka ambao walikuwa wanapunguza wafanyakazi. Ningekuwa wa kwanza kukatwa. Hasara yangu ya pauni ndiyo iliyokuwa ikinilindia kazi, jambo ambalo sikulipenda lakini ndivyo lilivyokuwa. Nikaifuta ile barua nikaandika nyingine: bei ibaki ya pauni, ila kila miezi mitatu tuitazame, pauni ikiwa kati ya dola 1.40 na 1.60, hakuna mabadiliko. Ikitoka nje ya hapo, chini au juu, tofauti tuigawane nusu kwa nusu. Neno "juu" ndilo lililowashawishi, nadhani. Walikubali baada ya wiki mbili. Kwa kweli kifungu hicho hakikuwahi kunipa fedha nyingi, kwa sababu kufika Agosti 2009 pauni ilikuwa imepanda karibu na 1.70 na mimi ndiye niliyewapunguzia kidogo. Lakini kilinipa usingizi kwa miezi ile ya baridi.

Deni lenyewe lilikuwa gumu zaidi. Nilikwenda kwa wakopeshaji kuomba deni ligeuzwe kuwa la pauni. Ofisa akanisikiliza vizuri, kisha akanionyesha kwamba kuligeuza wakati pauni iko chini ni kuipigilia misumari hasara yangu: dola zilezile ninazodaiwa zingegeuka kuwa pauni nyingi mno, na pauni ikipanda baadaye nisingefaidi chochote. Alikuwa sahihi. Tulichofanya ni kurefusha muda, miezi 18 iliyobaki ikawa 24, rejesho likapungua, riba ya jumla ikaongezeka. Niliilipa ile riba ya ziada kama mtu anavyolipia mwavuli mvua ikiwa imeshaanza.

Wakati huo nilisoma habari za Iceland, zikanitia kiwewe na faraja kwa pamoja. Mabenki yao matatu makubwa yalianguka ndani ya wiki moja Oktoba 2008, na sarafu yao, krona, ikaporomoka vibaya. Kumbe watu wengi kule walikuwa wamenunua magari na nyumba kwa mikopo iliyofungwa kwenye yeni ya Japani na faranga ya Uswisi, kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Kosa langu lilelile, kwa ukubwa wa taifa. Mishahara ni ya krona, deni ni la yeni, na asubuhi moja gari linadaiwa zaidi ya linavyouzika. Serikali yao ikaweka vizuizi vya kutoa fedha nje ambavyo viliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 2017. Nilipoyasoma hayo niliacha kujiona mjinga peke yangu.

Zile pauni zilizokuwa zinabaki baada ya rejesho ndizo zilizonifundisha kitu nilichopaswa kukijua mapema. Badala ya kuzibadilisha, nikaanza kununua kwa pauni kila kinachouzwa kwa pauni: programu ya kutafsiria, kamusi mbili, ada ya uanachama wa chama cha kitaaluma. Huko pauni moja ilikuwa bado ni pauni moja, hakuna wa kuikata katikati. Kompyuta mpya, ambayo ningeinunua kwa dola kwa mazoea, niliiagiza kutoka Uingereza baada ya kulinganisha bei na gharama za kusafirisha.

Na sarafu iliyoanguka ina watu wake wanaoifurahia. Wauzaji wa Uingereza waliokuwa wakipeleka bidhaa nje walijikuta bei zao zimekuwa rahisi kwa wageni. Nikaandikia makampuni kumi na moja ya aina hiyo. Tisa hayakujibu, moja likasema hapana kwa adabu, na moja likanipa maelezo ya bidhaa ya kutafsiri, kurasa 40, na mwezi uliofuata 60. Hao walikuwa wakipokea dola kutoka kwa wanunuzi wao, kwa hiyo nilipowaomba wanilipe kwa dola hawakuona tabu yoyote. Kuanzia hapo dola zililipa deni la dola.

Rejesho la mwisho nilitoa mapema 2011. Daftari lile sikulitupa. Nyuma yake niliendelea kuandika kazi zilizoingia na ankara ambazo hazijalipwa.

Tarehe 24 Juni 2016, siku ya matokeo ya kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, pauni iliporomoka kutoka karibu dola 1.50 usiku hadi 1.33 asubuhi. Nilikuwa na ankara tatu za pauni njiani. Habari nilizipata saa kumi jioni, wifi aliponipigia simu kuuliza kama ninalia. Nilikuwa namalizia kutafsiri mwongozo wa mashine ya kufulia, sehemu ya kusafisha kichujio, na kulikuwa na neno moja nililokuwa nalitafuta tangu asubuhi. Nikamuuliza kama yeye analijua.