Siku moja na shuka nyeupe

Saa 11:15 alfajiri nipo Pasua nasubiri daladala. Kibo iko wazi kabisa, theluji inaonekana. Tunaoishi Moshi hatuitazami sana. Leo nimeitazama, maana gari limechelewa.

Saa 12:00 nafika kazini. "Shikamoo mzee." Mlinzi anaitikia marahaba huku akicheka: "Wageni wa chumba namba nne wameshuka mlimani jana usiku." Basi kazi ipo.

Hoteli yetu ina vyumba tisa tu. Taa za vibuyu, vitanda vya mninga, vikapu vya ukindu ukutani, na kila kitambaa ni cheupe. Pazuri, sibishi. Lakini aliyechagua nyeupe hajakutana na mtu aliyepanda kwa Machame akashukia Mweka. Kilimanjaro ni volkano, na vumbi lake ni laini kama majivu. Mgeni akioga, maji yanakuwa uji wa ulezi.

Saa 4:00, namba nne. Soksi zimekakamaa, karibu zisimame zenyewe. Kwenye kioo wameegemeza cheti cha Uhuru, mita 5,895, kama picha ya mtakatifu. Nafuta meza kwa kukizunguka, sikigusi. Taulo? Wamefutia viatu. Hapo lazima utoke nje ulikung'ute likiwa kavu. Ukitanguliza maji, vumbi linageuka tope na kuzama kwenye nyuzi, na bosi hataki kusikia habari ya taulo za rangi.

Saa 6:00 umeme umekatika, mashine imejaa shuka. Tumefua kwa mikono. Kukamua ni kazi ya wawili: mwenzangu anasokota kulia, mimi kushoto, mpaka shuka inakuwa kamba. Mtori wa jikoni tumeukuta umepoa.

Saa 9:00 mgeni mpya kutoka uwanja wa ndege wa KIA, mzee wa Kijerumani, kapewa namba nne hiyohiyo. Anauliza mlima uko wapi. Namwonyesha mawingu. Kayapiga picha!

Saa 12:00 jioni mawingu yakafunguka. Nikamwona juu kwenye baraza, peku, kimya, chai imemlalia mkononi. Viatu vyake vipya vipo mlangoni, havina hata doa. Kesho Alhamisi anaanza Machame, siku saba, kwa hiyo Jumatano ijayo atakuwa hapa.

Kabla ya kutoka nimemwekea chini ya sinki taulo langu kuukuu, la kahawia. Bosi hachungulii huko.